Kulainisha Ukingo wa Mkanda wa Baba Njeri

Jumapili, Julai. Naro Moru.

Baridi ya leo imeingia ndani ya mifupa ikavuta kiti ikakaa. Mlima hatujauona tangu Alhamisi. Kuna wingu tu, na manyunyu yasiyotaka kuwa mvua wala kukoma. Naandika kwenye simu, karibu na moto wa jikoni, kwa vidole vinavyonuka nta. Kanisani sikwenda. Moyo wangu ni mwepesi na sijui niuweke wapi, kwa hivyo nauweka hapa.

Wanaonisoma wanajua nashona ngozi. Nina kibanda kando ya barabara ya kwenda Nanyuki: mikanda, kola za mbwa, ala za panga, mifuko kidogo wageni wakiwa wengi. Na wanajua nina mume, Ndiritu, ambaye humu namwita Baba Njeri kama ninavyomwita nyumbani. Mguu wake sijawahi kuuandika. Leo asubuhi nimemwomba ruhusa.

"Andika," akasema. "Lakini usinifanye mtu wa kuombewa."

Nitajaribu.

Baba Njeri alikuwa mpagazi wa mlima. Alibeba mahema na masufuria ya wageni, akalala kwenye barafu, akavuka mawe yanayoteleza kama sabuni, na kwa miaka hiyo yote hakuteguka hata kidole. Kisha jioni moja, hapa hapa mjini, akavuka barabara kwenda kununua maziwa, na pikipiki ikamgonga. Mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti.

Maziwa. Mpaka leo nikilisema neno hilo nahisi kama kuna mtu anatutania.

Alipopona alipewa mguu wa bandia. Ni mguu mzuri, sina neno nao. Unaingia kwenye kigutu kama buti, halafu kuna mkanda wa ngozi unaozunguka paja juu kidogo ya goti na kuushikilia usichomoke anapotembea. Alijifunza kuutumia haraka kuliko wote walivyotarajia. Kufikia Krismasi alikuwa anatembea hadi kituo cha wapagazi kukaa na wenzake, kubishana kuhusu njia za mlimani na nani alimwaga uji wa nani.

Lakini kuuvaa na kuuvua, hilo ni jambo lake peke yake. Jioni huingia chumbani, akafunga mlango, akauvua, akajifunika blanketi mpaka kiunoni, ndipo aniite. Kigutu chake sijakiona tangu hospitali. Nilijiambia ni heshima, mtu ana haki ya kufunga mlango. Nikiwa mkweli, kulikuwa na woga pia, wake na wangu, umekaa katikati yetu kitandani kama mto wa tatu.

Mwezi uliopita nikaanza kuuona mguu umeegemezwa ukutani mchana. Yeye anazunguka nyumba kwa magongo.

"Niko sawa," akasema. "Nimeipumzisha tu."

Wenzake walipiga simu akasema ana homa. Jumapili ikapita, nyingine ikapita. Mwanamume aliyepanda mlima na gunia la viazi mgongoni akawa hafiki kwenye lango letu. Nilidhani ni huzuni. Niliwahi kusikia kwamba huzuni huja baadaye, wakati watu wameshaacha kuleta mkate na kusalimia. Nikampikia mukimo, nikamwongelesha kuhusu Njeri, binti yetu, na masomo yake ya bweni. Alikula, akanisikiliza, akarudi chumbani.

Kisha nikafua suruali yake ya kijivu.

Nyuma ya goti, upande wa ndani, kulikuwa na damu iliyokauka. Haikuwa nyingi. Ilikuwa mstari, umenyooka kana kwamba mtu ameupiga kwa rula.

Nilisimama pale kwenye beseni na suruali mkononi, povu linaniteremka kiwikoni. Kidonda cha kuanguka hakinyooki hivyo, wala upele. Mimi ni mtu wa ngozi, na mstari ule niliujua. Ulikuwa umechorwa na ukingo.

Yeye alikuwa nje akipukuchua maharagwe. Nikaingia chumbani, nikaushika ule mguu kwa mara ya kwanza, nikaupeleka dirishani. Mkanda ulikuwa umekatwa vizuri na kushonwa vizuri, ila kingo zake ziliachwa jinsi zilivyotoka kwenye kisu. Ngozi ikikatwa hubaki na kona mbili kali, ya juu na ya chini, kama ubao kabla haujapigwa randa. Jasho lilikuwa limeingia likakauka, likaingia tena likakauka, mpaka zile kona zikawa ngumu kama ukucha. Kila hatua aliyopiga, mkanda ulikuwa unamkata kama msumeno mdogo.

Na yeye alikuwa anasema yuko sawa.

Nilienda nikaketi kwenye gunia karibu naye. Sikujua pa kuanzia, nikaanza kupukuchua pia.

"Hiyo mkanda yako inakukata," nikamwambia mwishowe.

Mikono yake ikasimama. "Kwa hivyo umeangalia."

"Nimeangalia mkanda."

"Mkanda tu?"

"Mkanda tu, Baba Njeri."

Akarudi kwenye maharagwe. Akasema, bila kuinua macho, kwamba alifikiri ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Kwamba mguu wa bandia kazi yake ni kuuma, na mwanamume anazoea.

Nilitaka kulia. Nikapukuchua maharagwe kama mtu anayelipwa.

Nesi wa zahanati alikisafisha kidonda na kusema mguu usivaliwe hadi kipone kabisa. Mimi nilingoja nje, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Lakini nilipokaa kwenye lile benchi nilikuwa tayari nakata mkanda mpya kichwani.

Hapa wacha nieleze kidogo, kwa wasiojua kazi hii.

Kuondoa zile kona kuna kifaa chake. Sisi mafundi tunakiita bevela. Kwa mbali utadhani ni bisibisi. Kwa karibu utaona ncha yake ina vidole viwili vifupi, na katikati mfereji mwembamba. Vidole hukumbatia ukingo wa ngozi, mmoja juu na mmoja ubavuni, na makali yako mle kati ya vidole. Ukisukuma, kona inatoka kama uzi, mfano wa ganda la kiazi anapomenya mtu mwenye subira. Unafanya juu, unageuza unafanya chini, halafu unalowesha na kusugua kwa kitambaa cha turubai mpaka ukingo unakuwa mviringo na unang'aa. Kwenye kola ya mbwa hilo ni pambo. Kwenye mwili wa mtu ni jambo jingine kabisa.

Bevela yangu ni moja, na ni kubwa. Niliinunua kwa ajili ya mikanda minene ya suruali na haijawahi kuniangusha. Lakini mkanda wa Baba Njeri ulitakiwa kuwa mwembamba ili ujikunje nyuma ya goti. Nilichagua ngozi nzuri, ile iliyolainishwa kwa magome ya mti wa muthanduku, yenye rangi ya chai ya rangi, nikapitisha bevela yangu. Ikala nusu ya unene. Nilipogeuza na kupitisha upande wa pili, ukingo ukabaki mwembamba kama wembe. Badala ya msumeno nilikuwa nimetengeneza kisu.

Nikajaribu kisu kidogo na msasa. Ukingo ukawa na mawimbi kama barabara ya Mweiga enzi zile. Vipande vikajaa chini ya meza, na paka akahamia humo.

Nilihitaji bevela ndogo, na madukani mjini Nyeri nilipata za kung'aa ambazo mfereji wake umepigwa tu kwa mashine, hauna makali wala umbo. Mwenye duka mmoja akaniambia niende mtaa wa Majengo, kwa Mama Zena. Marehemu mumewe alikuwa akishona matandiko ya farasi wa mashamba ya upande wa Nanyuki.

Mama Zena ni mama mnene mwenye sauti ya chini, na nyumba yake inanuka udi na mandazi. Alinipa chai kabla ya kuniuliza shida yangu. Nilipomweleza, aliinuka. Akaingia ndani akatoka na sanduku la mbao, akaliweka mkekani, akakaa mbali nalo kidogo.

"Sijalifungua tangu arobaini yake," akasema. "Fungua wewe."

Vilikuwemo visu, nyundo, koleo za kushikia, na bevela za saizi tofauti zimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Nilianza kuzichagua kama mtu anayechagua mbegu. Kutu ya nje haikunitisha, hiyo inatoka. Nilitazama ndani ya mfereji, maana kutu ikila humo imekula makali, na huwezi kurudisha chuma kilichokwenda. Moja niliiweka kando kwa ajili hiyo. Nyingine kidole chake kimoja kilikuwa kimevunjika ncha, na kidole kilichovunjika hukwaruza ngozi badala ya kuteleza. Nyingine ilikuwa nzima lakini pana kama yangu.

Ya mwisho ilikuwa ndogo kuliko zote. Mpini wake ulikuwa wa mti wa mzeituni, na upande mmoja ulikuwa umebonyea pale dole gumba la mwenyewe lilipokaa maisha yake yote. Niliweka la kwangu pale. Liliingia.

Nilikuwa nimebeba kipande cha ngozi kwenye mkoba. Bevela ilikuwa butu, ikavuta zaidi ya kukata, lakini njia iliyoacha ilikuwa nyembamba na ya mviringo, ndiyo hasa niliyoitaka.

"Hiyo alikuwa akitumia kwa hatamu," Mama Zena akasema. "Za usoni mwa farasi. Alisema farasi hawezi kukuambia anaumia, kwa hivyo lazima ujue wewe." Akakunja mkono wa buibui, akanionyesha sehemu ya ndani ya mkono, palipo laini. "Akimaliza ukingo alikuwa ananiita jikoni anaupitisha hapa. Nikishtuka, anarudi kuuanza upya. Mimi na unga mkononi, naye na hatamu. Nilikuwa namwona ananipotezea wakati."

Akaurudisha mkono wa buibui taratibu.

Tulielewana bei bila ubishi. Aliponisindikiza mlangoni alinishika bega. "Mumeo yuko hai, mwanangu. Mpitishie huo ukingo yeye mwenyewe."

Njiani kurudi sikufungua simu hata mara moja.

Kunoa kulinichukua jioni nzima. Bevela hainolewi kama panga. Ukiisugua kwenye jiwe kwa nguvu unaondoa vidole na mfereji unabaki mfupi, na hapo umeua kifaa. Nililainisha upande wa chini kidogo tu, kwenye jiwe laini lenye mafuta, kama unavyompangusa mtoto uso. Kisha nikachukua spoku ya baiskeli inayoingia kwenye mfereji bila kulegea, nikaizungushia kipande cha msasa wa maji laini kuliko yote, nikaivuta humo ndani. Kuvuta tu, kuelekea nyuma. Ukisukuma mbele makali yanajikunja.

Baada ya msasa kinakuja kitu cha mwisho, uzi. Unachukua uzi mnene wa kushonea, unaupaka ile dawa ya kijani ya kung'arishia chuma, unaukaza, halafu unapitisha mfereji juu yake kwenda na kurudi mpaka ndani pawe kama kioo. Niliufunga kwenye komeo la dirisha. Ukalegea. Nikaufunga kwenye mguu wa meza, meza ikanifuata.

Baba Njeri alikuwa kwenye kiti chake, magongo kando, akijifanya anasikiliza redio.

"Lete hapa," akasema.

Nikampa ncha moja. Akauzungusha uzi kwenye kiganja mara mbili, akauvuta. Ulikazika ukalia.

"Kamba hainishindi mimi," akasema.

Basi tukakaa hivyo, magoti yetu karibu kugusana, yeye ameshika huku, mimi huku, na bevela ikienda na kurudi katikati. Aliniuliza makali yako wapi, nikamwonyesha. Aliuliza nitajuaje imetosha. Nikamwambia itatosha kona ikitoka bila kukatika. Nikajaribu. Ikachimba, ikararua ngozi. Nilidhani nimeiharibu. Yeye aliyekuwa akitazama kwa upande akasema mkono wangu uko juu sana, naisimamisha kama jembe. Nikaulaza mpini, nikasukuma tena bila haraka.

Kona ikatoka. Ikaendelea kutoka, nyembamba, ya rangi ya asali, ikajikunja juu ya kidole changu hadi mwisho wa kipande bila kukatika.

Baba Njeri akaichukua akaitundika sikioni kama hereni. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Sikumbuki mara ya mwisho alinichekesha.

Ndipo nikasema nililokuwa naliahirisha.

"Sasa nataka kupima."

"Pima hiyo ya zamani."

"Ya zamani haifai. Paja limepungua tangu upewe mguu. Mkanda ukiwa mrefu utateleza, ukiteleza utakata tena."

Alizima redio. Alitazama uzi uliokuwa bado mkononi mwake.

"Wairimu," akasema. Jina langu mwenyewe, ambalo halitumii mara nyingi. "Haiko kama unafikiria. Haipendezi. Ukiiona, utakuwa unaniona hivyo kila siku."

Nilimwambia ukweli, kwamba nimeogopa pia, na kwamba nimechoka kuogopa kitu kilicho ndani ya nyumba yangu. Nikamwambia leo si lazima.

Haikuwa siku ile. Haikuwa kesho yake. Nilikata mkanda, nikatoboa sehemu ya bizimu, kile chuma cha kufungia, nikauacha mrefu mezani bila kumaliza. Nesi akasema kidonda kimefunga vizuri. Sikuuliza chochote.

Jana, Jumamosi, nikiwa napanga sufuria baada ya chakula cha mchana, alikuja jikoni kwa magongo. Amevaa kaptura. Baridi hii, kaptura. Akakaa kwenye kiti kilicho karibu na moto, akaweka magongo chini.

"Pima basi," akasema, na akaangalia mlangoni.

Nilikausha mikono. Nilipiga magoti mbele yake.

Nataka kuandika nilichokiona kwa usahihi, kwa sababu nilikuwa nimekitengeneza vibaya sana kichwani. Niliona goti la mume wangu, lile lile, na kovu dogo alilopata utotoni alipoanguka kijijini Wamagana kutoka kwenye mti wa mapera. Chini ya goti niliona ngozi iliyokunjwa na kushonwa, nyororo mahali pengine, yenye mikunjo mahali pengine. Nikaona mshono na nikafikiri, kama fundi, huyu daktari alikuwa na mkono mzuri. Nyuma ya goti kulikuwa na mstari wa waridi pale kidonda kilipofunga. Basi. Ni mwili. Ni yeye.

Kilinishtua jinsi kilivyokuwa cha moto, kwa sababu ya ule moto wa jikoni.

Nilizungusha mkanda juu ya goti, nikaweka alama kwa ukucha. Nikakaa pale pale sakafuni nikakata urefu, nikachukua bevela ndogo, nikapitisha juu, nikageuza, nikapitisha chini. Nikalowesha, nikasugua kwa turubai, nikapaka nta, nikasugua tena. Yeye hakuondoka. Nilipitisha ukingo ndani ya mkono wangu, kisha ndani ya mkono wake, kisha, polepole, juu ya ule mstari wa waridi.

Akaruka.

"Inakata?" nikauliza.

"Inatekenya!" akasema, na kucheka kukamtoka ghafla, kicheko cha mtu mzima aliyeshikwa mbavu. Mimi nikacheka nikiwa nimeshika mguu wake, na kicheko changu kikageuka kikawa kitu kingine, na nikaweka paji la uso kwenye lile goti mpaka kikapita. Mkono wake ulikaa kichwani mwangu.

Leo asubuhi alivaa mguu pale pale jikoni, mbele yangu, akilalamika kwamba bizimu ni baridi. Akatoka. Nikamsikia akipita ua, akifungua lango, hatua moja nzito na moja nyepesi, kuelekea kituo cha wapagazi kwenye manyunyu. Sikumfuata. Nilisafisha meza. Nilisafisha meza iliyokwisha kuwa safi.

Amerudi muda mfupi uliopita, kofia imelowa, ananuka moshi wa wenzake. Amekaa. Ameinua suruali, ameuvua mguu, ameuweka mezani kati ya vikombe vyetu. Kisha amegusa mahali kwenye mkanda, upande wa ndani, karibu na tundu la bizimu.

"Hapa panauma kidogo," amesema. "Umeacha kona."

Nimeangalia. Ni kweli, nimeacha kona.

Amelalamika. Mume wangu amelalamika kwamba anaumia, na amenilalamikia mimi, mchana, na kidole kimeonyesha mahali. Nimeitikia kama fundi, nimesema nitapatengeneza, nimemimina chai. Ndani yangu nilikuwa nakimbia kuzunguka nyumba.

Sasa amelala hapo kwenye kochi. Bevela imeshashika ubutu kidogo, kwa hivyo nitaupaka uzi dawa, na akiamka nitampa ncha moja ashike.